Ukiugua Kabla Picha Yako Haijaisha

Homa ikikushika, nipigie jioni ya kuamkia siku ya kukaa mbele yangu nikuchore, si asubuhi nikiwa nimeshakamua rangi. Rangi ya mafuta hairudi kwenye tyubu, na bei yake hapa Nairobi naijua mimi. Sema tu, "Mzee, mwili umekataa, tusogeze mbele." Cheti cha daktari cha nini?

Usipange tarehe ukiwa bado kitandani. Malaria huacha uchovu hata dawa zikiisha, na uso uliokonda si ule nilioanza nao. Gauni lihifadhi, lisiguswe na jiki. Nywele usibadilishe msuko. Miguu ya kiti chako nimeizungushia chaki sakafuni, kitakaa palepale.

Ukirudi, njoo saa tatu asubuhi kama awali. Ikiwa Julai na mawingu yametanda, mwanga hautoshi, tutaahirisha tena. Malipo ya awali yapo. Usinitumie mengine kwa M-Pesa kwa kuona haya.