Kupima Uimara wa Nenosiri la Wi-Fi kwa Kadi ya Grafiki

Pima mtandao wako mwenyewe, au ule ambao mwenyewe amekupa idhini ya maandishi.

Hatua ya 1: draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi. Hapa ndipo wengi hukwama. Sakinisha hashcat, programu ya kubahatisha manenosiri, kisha andika `hashcat -I`. Ikiwa orodha inaonyesha prosesa pekee, usiendelee, kwa kuwa kazi itakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kadi ya NVIDIA inahitaji draiva ya mtengenezaji pamoja na CUDA, programu ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi; nouveau, draiva huria inayokuja na Linux, haifai kwa kazi hii. Ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) kadi haionekani, hata draiva iwe mpya kiasi gani, isipokuwa umeikabidhi mashine hiyo moja kwa moja, na kwa sababu hiyo napendelea Linux iliyosakinishwa kwenye kompyuta yenyewe. Baada ya kusasisha kerneli (kiini cha Linux), washa kompyuta upya kabla ya kuanza kutafuta mchawi. Usiongeze `--force` ili kunyamazisha maonyo: programu inaweza kufika mwisho na kutangaza kwamba nenosiri halikupatikana, kumbe hesabu zake zilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Jaribu kwanza mfano wa aina ya 22000 (namba ambayo hashcat huipa Wi-Fi ya WPA) uliotolewa na hashcat, ambao nenosiri lake ni `hashcat!`, usipofunguka, tatizo ni draiva.

Hatua ya 2: kasi. Andika `hashcat -b -m 22000`. WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi, hupitisha kila kisio katika mizunguko 4096 ya PBKDF2 (hesabu iliyofanywa nzito makusudi), ikichanganya na jina la mtandao, ndiyo maana kadi inayomudu mabilioni ya MD5 (hesabu nyepesi ya zamani) kwa sekunde hushuka hapa hadi maelfu, laki kadhaa au milioni chache. Kwa visio 400,000 kwa sekunde, tarakimu 8 humalizika kwa dakika 4 hivi, herufi ndogo 8 kwa siku 6, na herufi ndogo 12 zilizochaguliwa kibahati kwa zaidi ya miaka 7,000. Nathamini hesabu hii kuliko jaribio lenyewe.

Hatua ya 3: jaribio. Nasa kwa Wireshark, programu ya kurekodi mawasiliano ya mtandao, simu yako inapojiunga na ruta yako, geuza faili kwa hcxpcapngtool iwe katika muundo ambao hashcat husoma, kisha tumia orodha ya maneno pamoja na kanuni za kuyabadilisha. Hashcat husimama yenyewe kadi ikifika nyuzi joto 90 za Selsiasi.

Hatua ya 4: marekebisho. Nenosiri likipatikana, weka jipya lililoundwa na programu ya kutunza manenosiri, kisha hamia WPA3, mrithi wa WPA2, ambayo hairuhusu kubahatisha nje ya mtandao kwa njia hii. Ruta iliyoachwa katika hali ya mseto (WPA2 na WPA3 kwa pamoja) bado hupokea vifaa vya WPA2, na vifaa hivyo hupimika vilevile.