Jinsi ya kuchagua stesheni wagoni ya kubebea baiskeli ndani (sio juu, sio nyuma)

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kunishika pale karakana, "fundi nataka gari ya kubebea baiskeli nichukue ipi?", na kabla sijafungua mdomo keshataja gari ambalo jirani yake anauza. Swali limekaa kichwa chini miguu juu. Huanzi na gari, unaanza na baiskeli yako na watu utakaokuwa nao mle ndani, gari linafuata mwishoni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Arusha na wikiendi napeleka watu kuendesha, mara Monduli, mara Longido, mara tunafika hadi Marangu, kwahiyo nshapakia baiskeli kwenye karibu kila kitu chenye buti, na nshaharibu vya kutosha mpaka nikajifunza.

Kwanini ndani? Juu ya paa inapendeza kwenye picha, lakini kuna siku nimerudi usiku nimechoka nikasahau kabisa kwamba nina baiskeli juu, nikaingia getini kwangu kama kawaida na geti langu lina boriti. Ile sauti sitaki kuizungumzia. Nyuma nako kuna vumbi, ukitoka barabara ya vumbi kilomita 30 cheni inafika kama imekaangwa kwenye unga, na kama chuma cha kubebea kimeziba namba za gari basi trafiki wa barabara ya Moshi wamepata pa kuanzia mazungumzo. Ndani unafunga mlango unaenda kula chipsi mayai kwa amani.

Hatua ya 1: hesabu watu, sio baiskeli

Baiskeli ikiingia ndani lazima ile siti za nyuma, hilo halikwepeki. Kwahiyo jiulize siku nyingi unatoka na nani. Ukiwa peke yako au mko wawili, karibu stesheni wagoni yoyote (gari ndogo yenye buti refu lililoungana na sehemu ya abiria) itakufaa ukilaza siti zote. Mkiwa watatu na baiskeli tatu hapo ndio pagumu, unahitaji gari ambayo siti ya nyuma inalala nusu nusu, upande mmoja mrefu unalala upande mfupi anabaki mtu, na huyo mtu atasafiri na usukani wa baiskeli ukimchungulia sikioni. Mkiwa wanne na baiskeli nne, samahani, hiyo sio stesheni wagoni tena, tafuta Noah au Hiace tuishie hapo.

Hatua ya 2: pima baiskeli yako mwenyewe

Chukua futi kamba. Usichukue vipimo vya baiskeli ya mwenzako, saizi za fremu zinatofautiana sana.

Pima kutoka katikati ya havu ya mbele (havu ni kile kitovu cha tairi) mpaka katikati ya havu ya nyuma. Alafu pima kipenyo cha tairi ikiwa na upepo. Jumlisha hivyo viwili, huo ndio urefu wote wa baiskeli. Mfano maunteni (baiskeli ya milimani) ya rimu 29 saizi kubwa: havu kwa havu kama sentimita 120, tairi 74, jumla 194. Baiskeli ya resi: 100 na 68, jumla 168.

Sasa utamu uko hapa, ukitoa tairi ya mbele unapunguza nusu ya kipenyo. Ile 194 inakuwa 157, ile 168 inakuwa 134. Yani kwa dakika moja tu ya kufungua eksele umepata karibu sentimita 37 za bure, ndio maana mtu akiniambia "mimi sitaki usumbufu wa kutoa tairi" huwa namuuliza kama anataka na usumbufu wa kununua gari kubwa zaidi.

Pima na upana wa usukani. Hapa ndipo wengi wanapigwa, mana usukani wa resi ni 40 mpaka 44 tu lakini maunteni za siku hizi zinafika 76 mpaka 80. Baiskeli mbili za hivyo zikisimama sambamba zinataka mita moja na nusu na zaidi, hamna gari ndogo yenye hiyo nafasi. Dawa yake iko hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: pima gari, na sahau lita

Kwenye matangazo wanaandika buti ina lita kadhaa. Lita ni za viazi. Baiskeli haimiminiki, baiskeli ina kona, na kona moja ikigoma kuingia lita zote zilizobaki hazikusaidii. Pima vitu hivi.

Urefu wa sakafu kutoka mlango wa nyuma mpaka mgongo wa siti ya mbele, siti za nyuma zikiwa zimelala. LAKINI kwanza kaa kwenye siti ya dereva uisogeze unavyokaa wewe kila siku, ndipo upime. Mimi ni mrefu, na siti yangu ikirudi nyuma inakula sentimita kama 15 ambazo muuzaji alikuwa anajivunia.

Mdomo wa mlango wa nyuma, yani lile tundu lenyewe, juu mpaka chini. Mara nyingi ni dogo kuliko kimo cha ndani kwasababu dari inashuka kuelekea nyuma na kizingiti cha chini kimeinuka. Baiskeli inaweza kusimama vizuri ndani na bado isiwe na pa kupitia kuingia. Magari yenye mgongo uliolala kimichezo ndio wabaya wa hili.

Nafasi kati ya yale matuta mawili yanayofunika tairi za nyuma za gari. Upana wanaokutajia mara nyingi umepimwa juu ya matuta au mbele yake.

Mwisho tazama kama siti zikilala sakafu inanyooka au inabaki ngazi. Ngazi ya sentimita 8 haionekani ni kitu mpaka fremu ya kaboni iwe imeegemea hapo kwa masaa mawili ya barabara mbovu.

Hatua ya 4: magari yenyewe

Naongelea yanayopatikana huku kwetu kutoka Japani.

Toyota Probox na ndugu yake Succeed. Najua mnacheka, kuna watu hawataki kuonekana nayo mana ndio michomoko ya abiria, lakini nawaambia ukweli, hii gari ilianza 2002 ikiwa imechorwa kwa ajili ya mizigo tangu karatasini na inajionyesha. Siti za nyuma zinalala sakafu inakuwa bapa kabisa, ile ya vani iliyofanyiwa mabadiliko 2014 ina sakafu ya urefu wa kama sentimita 181, upana 142, kimo 93, na inaruhusiwa kilo 400 mkiwa wawili mbele. Mgongo wake umesimama wima kwahiyo mdomo wa nyuma ni mkubwa. Sakafu unafuta matope na kitambaa ukaendelea na maisha. Mabaya yake: siti ya nyuma ya vani ni nyembamba na imesimama kama benchi la kanisa, abiria wako atalalamika kuanzia Usa River, alafu ikiwa tupu inaruka ruka kwenye makorongo.

Corolla Fielder ndio ya katikati. Inakaa vizuri kwa familia, spea kila kona, mafuta haili. Ila dari yake ya nyuma iko chini kuliko Probox kwahiyo baiskeli nyingi utazilaza badala ya kuzisimamisha. Kwa mtu mwenye baiskeli moja au mbili za resi sioni sababu ya kuhangaika zaidi ya hapa.

Subaru Legacy wagoni na Outback. Ndefu, tulivu, inavuta tairi zote nne, na Outback iko juu ya ardhi kama sentimita 20, ukienda njia za Longido wakati wa mvua utanishukuru. Mdomo wa nyuma umelala kidogo, pima. Na ujue mafuta yake na fundi wake sio wa Probox. Legacy wagoni Japani waliacha kuiuza 2014 wakaleta Levorg, kwahiyo ukiona Legacy wagoni popote sasa ni ya umri huo au zaidi, na hapa Tanzania gari ikipita miaka 8 ushuru wake unapanda, kwa majirani Kenya hairuhusiwi hata kuingia. Wengi wananunua iliyokwisha ingia nchini.

Honda Fit Shuttle. Hii watu wanaisahau. Tanki la mafuta liko chini ya siti za mbele badala ya nyuma, kwahiyo sakafu ya nyuma imeshuka, na sehemu ya kukalia ya siti ya nyuma inanyanyuka juu kama kiti cha sinema. Ukiinyanyua unapata nafasi kutoka mlango hadi mlango nyuma ya dereva, na baiskeli ya resi bila tairi ya mbele unaisimamisha hapo ikiwa imekingama huku buti lote likibaki la mabegi. Kwa mtu mwenye baiskeli moja ni raha tupu. Ila maunteni kubwa hapo usijaribu. Na iko chini, matuta ya barabarani uyaheshimu.

Kama ni hela yangu na baiskeli zangu? Probox. Nimeshasema.

Hatua ya 5: nenda yadi na baiskeli

Hii ndio hatua watu wanaiona aibu. Usiende na vipimo peke yake, nenda na baiskeli yenyewe, hata kwa kuiendesha. Kuna jamaa mmoja alinunua gari kwa picha za simu, zuri kweli, ikafika ndio tunagundua siti ya nyuma hailali, ilishawahi kushonwa na mtu na bawaba zimekufa. Mwambie dalali "naomba nijaribu kitu", toa kanga au shuka utandike ili usimkwaruzie gari ya watu, pakia, funga mlango wa nyuma mpaka ulie kabisa, kaa kwenye usukani, tazama kioo cha kati. Dalali atakushangaa, mwache ashangae, pesa ni yako.

Ukiwa hapo vuta siti zilale na zirudi mara tatu nne, kagua kama ndani ya buti kuna zile pete za chuma za kufungia mizigo, na shika mlango wa nyuma ukiwa wazi, shokapu zake zikichoka utakuja kukupiga kisogoni huku umekumbatia fremu.

Hatua ya 6: kupakia bila kuharibu

Weka gia ya nyuma kwenye jino kubwa kabisa ili lile kono la gia lijifiche ndani. Toa tairi ya mbele. Kama breki ni za mafuta na diski, ingiza kipande cha boksi kati ya pedi kabla hujafanya kitu kingine, mana mtoto akiibinya breki diski ikiwa haipo pedi zinakutana na utahangaika kuzitenganisha. Usiigeuze kichwa chini miguu juu pia, upepo unaweza kupanda kwenye mpira wa mafuta na breki inakuwa laini kama sponji.

Shusha siti ya baiskeli, ila kwanza zungushia tepu pale bomba linapoingia kwenye fremu ili urudishe palepale.

Kama unailaza: turubai chini, upande wa cheni JUU siku zote. Ya pili inalala juu yake ikiangalia upande wa pili, katikati unaweka godoro jembamba au blanketi, na hakikisha pedeli haijatazama fremu ya mwenzake. Pedeli ndio muuaji wa rangi.

Kama unaisimamisha, na hii ndio napenda mimi: nenda kwa seremala akukatie ubao mzito wa upana wa buti yako, funga juu yake vishikio viwili vya foki (foki ni ule uma unaoshika tairi ya mbele). Kuwa makini na saizi ya eksele, za zamani za kufungua kwa kileva ni milimita 9 kwa 100, resi nyingi za diski ni 12 kwa 100, maunteni za sasa 15 kwa 110, haziingiliani. Foki ikishuka chini hivyo usukani nao unashuka karibu sentimita 27, ndio inapita mlangoni. Na ile shida ya usukani mpana dawa yake ni kugeuza baiskeli moja itazame mbele na nyingine itazame nyuma, usukani wa hii unakaa usawa wa siti ya ile, hazigombani. Ukigeuza hivyo kishikio kimoja kifungwe kwenye ubao wa pili kule mwisho.

Alafu funga. Usiniambie "ni karibu tu". Kilo 13 za baiskeli kwenye spidi ya 80 ukikanyaga breki za ghafla haziko kilo 13 tena, na ya kwanza kukutana nayo ni shingo yako. Tyubu ya zamani iliyokatwa utepe inafaa kuzuia isitikisike, lakini ile inayoshikilia kwenye pete za chuma iwe mkanda wa kukaza, sio mpira. Tairi zilizotolewa zivalishe begi au gunia uzibane nyuma ya siti ya abiria, diski isiguse kitu. Juu ya vyote tandika shuka la rangi ya giza ili mpita njia asijue kuna nini.

Safari ya kwanza simama baada ya kilomita 10 hivi, fungua, kaza tena. Lazima kuna mkanda umelegea.