Jinsi ya kuuona utando wa seli kwa bitiruti moja tu

Mwezi wa sita hapa Mbeya kaangalie kopo la mafuta ya nazi, yameganda kama mshumaa mpaka uyakwangue na kijiko, ila alizeti kwenye chupa pembeni inamiminika kama kawaida. Sababu ni mikia ya molekuli za mafuta. Ya alizeti mingi imepinda so haipangani vizuri, ya nazi imenyooka inabanana, na utando wa seli, yaani ngozi nyembamba ya mafuta inayoizunguka seli, unachanganya yote miwili, kwa wanyama na kolesteroli inaongezwa, ili usigande wala usilegee ovyo.

Sasa nenda sokoni Mwanjelwa kachukue bitiruti. Menya, kata vipande vinavyolingana, saizi ya kete ya drafti, halafu osha. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanasuuza mara moja tu. Osha mpaka maji yatoke meupe kabisa, maana ile rangi ya mwanzo ni ya seli ulizozipasua na kisu, haikuambii chochote.

Glasi nne: maji ya bomba, maji ya moto, maji yenye sabuni ya vyombo, na spiriti. Ya moto usihangaike na kipimo, huku juu mita 1,700 hivi maji yanachemka kabla hata ya kufika 100, we ipua tu yapoe kidogo ndo umimine. Subiri dakika ishirini.

Ya bomba itabaki karibu nyeupe. Ya moto itakuwa kama juisi ya rozela. Rangi inakaa kwenye vakuoli, yaani kifuko kilicho ndani ya seli, na kinachoizuia ni utando, sio ukuta wa seli (aisee vijana wa fomu faivu mnachanganya sana hivi vitu viwili). Joto linavuruga utando, spiriti na sabuni zinayeyusha yale mafuta, rangi inatoka.

Ila utando sio kizuizi tu. Kwenye seli zetu kuna mafuta yaliyobeba sukari kichwani, yanachungulia nje, yanaitwa gangliosidi. Moja ni GM1, na sumu ya kipindupindu inaishika hiyo hiyo kwenye utumbo, kwa vishikio vitano, kisha kipande chake kinaingia ndani na kuilazimisha seli kumwaga kloridi, maji yanafuata, mtu anaharisha mpaka anaishiwa. Mlango unaoingiza chumvi pamoja na glukosi sumu haiugusi, ndo maana ORS (yale maji ya chumvi na sukari) inafanya kazi.

Na haya mafuta lazima yavunjwe yakishatumika. Mtoto akizaliwa hana kimeng'enya cha kuvunja GM2, gangliosidi nyingine, inajazana kwenye seli za ubongo, alishaanza kukaa mwenyewe halafu anarudi nyuma, anashindwa. Huo ni ugonjwa wa Tay-Sachs, ni wa kurithi na ni nadra.

Vipande vya maji ya bomba kula tu. Vya sabuni na spiriti tupa, na usimpe hata kuku.