Somo: Kusasisha programu ya blogu bila kuivunja, na kuchagua kongamano la masoko ya mtandaoni linalostahili nauli yako

Ndugu wanachama, nimeandika somo hili kwa sababu maswali mawili yamenichosha. La kwanza ni "nimebonyeza kitufe cha kusasisha na blogu imetoweka, nifanyeje?", na la pili ni "kongamano gani la masoko ya mtandaoni linafaa?" Nimeyajibu mara nyingi, nyingine kwa mtu yuleyule, na kuanzia leo kila muulizaji nitamwelekeza hapa. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa blogu yangu iliharibika vibaya kuliko siku zote katika mkesha wa kongamano. Mifano yangu ni ya WordPress, programu ya kuendeshea blogu, lakini anayetumia nyingine kama Drupal au Joomla atakuta taratibu hazitofautiani sana.

Hatua ya 1. Andika mahali toleo la WordPress, toleo la PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo) lililoko kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu yako, themu (muundo wa mwonekano) unayoitumia na kila plagini (kiongezo cha programu) uliyonayo.

Hatua ya 2. Futa plagini na themu usizozitumia. Kuzizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake yanabaki kwenye seva na yanaweza kuitwa kutoka nje. Mwaka 2011 kijiprogramu cha kupunguza picha kiitwacho TimThumb, kilichokuwa kimefungashwa ndani ya themu nyingi, kilikutwa na tundu la usalama, na mwenye themu ya namna hiyo iliyolala tu ndani ya folda alikuwa hatarini sawa na aliyekuwa akiitumia.

Hatua ya 3. Chukua nakala rudufu, kisha uikague. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakawia kidogo. Nilikuwa na plagini iliyochukua nakala ya blogu nzima kila usiku na kuihifadhi kwenye seva ileile, nami kila asubuhi nikipokea barua pepe ya kuniarifu kwamba kazi imekamilika, nikaridhika. Sikujua kwamba nakala za zamani hazifutwi, na kwamba zilikuwa zikijaza nafasi ya seva siku hadi siku. Usiku wa kuamkia safari nikabonyeza kitufe cha kusasisha. Mafaili mapya yakaanza kufunguliwa, nafasi ikaisha katikati, na blogu ikabaki na nusu ya toleo jipya na nusu ya toleo la zamani. Nilipokimbilia nakala ya jana yake, folda ya picha ilikuwamo, lakini faili la hifadhidata, yaani makala zote, maoni yote na mipangilio yote, lilikuwa na uzito wa baiti 0. Seva ilikuwa imejaa hata kabla sijabonyeza chochote, na plagini ilikuwa imeandika jina la faili bila kupata mahali pa kuandika yaliyomo. Kampuni inayonihifadhia blogu ilikuwa na nakala yake ya siku tisa nyuma. Makala za siku hizo tisa nilizikusanya moja moja kutoka kwenye barua pepe zilizokuwa zimetumwa kwa wasomaji waliojiandikisha, ila maoni yao sikuyapata tena. Kazi hiyo niliifanya nikiwa kiti cha nyuma ukumbini, kompyuta mapajani, huku mtoa mada niliyemlipia tiketi akizungumza mbele bila mimi kusikia neno.

Kwa hiyo, nakala yako iwe na vitu viwili: folda ya wp-content pamoja na faili la wp-config.php, na hifadhidata nzima. Ihamishe kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta yako au hifadhi nyingine iliyo mbali. Tazama uzito wa faili la hifadhidata na uulinganishe na la wiki iliyopita. Lifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, utafute jedwali la wp_posts, kisha utafute kichwa cha makala yako ya mwisho. Usipokiona, simama hapo hapo. Angalau mara moja kila miezi mitatu, irejeshe nakala hiyo kwenye blogu ya majaribio uone kama inasimama. Onyo: barua pepe inayosema "kazi imekamilika" ina maana kwamba programu imefika mwisho wa orodha yake ya kazi, basi.

Hatua ya 4. Soma namba ya toleo kabla ya kuamua. Katika WordPress, namba mbili za mwanzo ndizo zinazotaja toleo kubwa, na ya tatu ni marekebisho madogo, mara nyingi ya usalama. Marekebisho madogo hujisakinisha yenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, nami nawasihi msiizime huduma hiyo. Toleo kubwa ni jambo jingine. Toleo la 5.0 la Desemba 2018 lilileta kihariri cha vitalu, yaani namna mpya ya kuandika makala kwa vipande vipande, ambacho wengi hawakukitarajia, na toleo la 5.5 la Agosti 2020 liliacha kupakia jQuery Migrate, msimbo uliowezesha themu na plagini za zamani kuendelea kufanya kazi, na hapo menyu na maonyesho ya picha ya themu nyingi za zamani yakaganda. Mimi toleo kubwa hulisubirisha kwa wiki moja au mbili, lakini sasisho la usalama silisubirishi hata siku moja.

Hatua ya 5. Sasisha kimoja kimoja: kwanza plagini, kisha themu, mwisho WordPress yenyewe. Baada ya kila kimoja, fungua dirisha la faragha la kivinjari uangalie ukurasa wa mbele, makala moja na fomu ya maoni. Anayesasisha plagini kumi na mbili kwa mpigo hatajua ni ipi iliyomwangusha.

Hatua ya 6. Safisha kache, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili blogu ifunguke haraka, la sivyo utakuwa unakagua kurasa za jana.

Hatua ya 7. Usisasishe ukiwa huna saa moja ya kukaa mbele ya kompyuta baada ya hapo, na kamwe usisasishe katika mkesha wa safari.

Sasa makongamano. Nimehudhuria yaliyonifaa na yaliyonipotezea fedha, na tofauti yake ilionekana tangu kwenye ratiba, kama ningeisoma. Kongamano zuri hutangaza mada zenye maelezo, si picha za wazungumzaji tu, na kila mada inataja jambo mahususi ambalo mzungumzaji amelifanya kwa mikono yake. Ukikuta mada inayoahidi "siri" bila kueleza ni siri ya nini, ujue dakika kumi za mwisho zitakuwa za kuuziwa kozi. Linganisha orodha ya wazungumzaji na orodha ya wadhamini. Majina yakifanana kupita kiasi, unalipia kiingilio cha kusikiliza matangazo. Tazama pia mwaka. Ushauri wa masoko huchakaa haraka kama programu isiyosasishwa: aliyefundishwa mwaka 2010 kujaza makala nyepesi na kununua viungo (linki) kutoka tovuti nyingine alikutwa na mabadiliko ya utafutaji wa Google yaliyoitwa Panda mwaka 2011 na Penguin mwaka 2012, na mbinu alizozilipia zikageuka kuwa sababu ya kushushwa katika matokeo ya utafutaji.

Usihukumu kwa ukubwa wa ukumbi. Pubcon ilianza kama mkutano wa wasimamizi wa tovuti katika baa, na jina lake linasema hivyo hadi leo ("pub" ni baa kwa Kiingereza). BrightonSEO nayo ilianzia katika chumba cha juu cha baa. WordCamp ya kwanza, yaani mkutano wa watumiaji wa WordPress, ilifanyika San Francisco mwaka 2006. Tangu hapo mikutano ya jina hilo imeenea nchi nyingi, huandaliwa na watu wanaojitolea, kiingilio chake huwekwa chini, na mada zake nyingi huwekwa bure kwenye WordPress.tv. Kabla ya kulipa, tazama mada mbili za mwaka uliopita. Zikikuchosha ukiwa nyumbani, ukumbini hazitakuwa tamu zaidi.

Gharama nayo ihesabiwe yote: kiingilio, nauli, malazi, na siku ambazo hutaandika wala kuhudumia wateja. Andika maswali matatu unayotaka kurudi na majibu yake. Ukishindwa kuyaandika, bado hujafikia wakati wa kwenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Kidole_Chepesi: Mwalimu, nimesasisha sasa hivi naona ukurasa mweupe mtupu. Naomba msaada wa haraka, wateja wanalalamika.

Jibu: Hujasema umesasisha nini, kutoka toleo gani, wala kama una nakala. Kagua kisanduku cha barua pepe ya msimamizi: tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, kosa kubwa linapotokea WordPress hujaribu kukutumia kiungo cha kuingilia katika hali ya uokoaji. Usipokipata, ingia kwenye seva, ubadilishe jina la folda ya plagini zote, ujaribu tena. Ukurasa ukirudi, rudisha jina la zamani, kisha washa moja moja.

Mwanagenzi: Nashukuru kwa somo. Jambo moja sijalielewa: kwa nini useme sasisho la usalama lisisubiri hata siku moja? Kama tundu lilikuwapo kwa miezi bila mtu kuligundua, siku tatu zaidi zina ubaya gani?

Jibu: Hilo ni swali zuri, ndugu yangu. Kabla ya marekebisho kutoka, wanaolijua tundu ni wachache. Yakishatoka, mtu yeyote anaweza kuyaweka mafaili ya zamani na mapya bega kwa bega, akaona mstari uliobadilika, na mstari huo ukamwonyesha mlango ulipo. Toleo la 4.7.2 la WordPress lilipotoka Januari 26, 2017, watunzaji wake walinyamazia tundu kubwa zaidi kwa takriban wiki moja ili masasisho ya kujiendesha yawafikie wengi kwanza. Walipolitangaza, haikuchukua siku nyingi kurasa za blogu zilizochelewa zikaanza kuandikwa upya na wavamizi. Drupal ilitangaza tundu baya zaidi Oktoba 15, 2014. Wiki mbili baadaye timu yake ya usalama iliwaambia wenye tovuti za toleo la 7 kwamba asiyesasisha ndani ya saa 7 tangu tangazo ajihesabu kuwa ameshavamiwa. Kwa hiyo siku tatu ulizozitaja ni tofauti na ile miezi ya mwanzo.

Mstari_Mmoja: Blogu yangu haijasasishwa miaka mitatu na haina tatizo lolote. Nadhani mnatishana.

Jibu: Mvamizi mwenye akili hatakuarifu kwamba amefika, anaweza kuficha viungo vyake ndani ya makala zako za zamani na kuwaonyesha injini za utafutaji peke yake. Tafuta jina la blogu yako kwenye Google pamoja na majina ya dawa na kamari, kisha urudi utuambie umeona nini.

Msafiri_wa_Mada: Umetaja makongamano matatu kwa majina. Unalipwa kiasi gani kuyatangaza?

Jibu: Silipwi chochote. Mawili nimeyataja kwa sababu yalianzia baani, na la tatu kwa sababu mada zake unaweza kuzitazama bure usiku huu bila kumpa mtu shilingi. Tangazo la namna hiyo lingekuwa la ajabu.

Dada_Kalamu: Shikamoo mwalimu. Nina fedha ya kuhudhuria kongamano moja tu mwaka huu, na ni mara yangu ya kwanza. Nichague kubwa lenye watu maarufu au dogo?

Jibu: Marahaba. Chagua dogo, lililo karibu, la siku moja au mbili. Katika kongamano kubwa mgeni huishia kukaa kimya na kuandika yale ambayo angeyasoma kwenye blogu ya mzungumzaji. Katika dogo utaweza kumfuata mzungumzaji kwenye meza ya chai, ukamfungulia takwimu za blogu yako kwenye simu, na kumuuliza kwa nini makala fulani ilishuka. Faida yangu kubwa kuliko zote niliipata kwa njia hiyo, kutoka kwa mtu aliyekuwa kwenye foleni ya chai nyuma yangu wala hakuwa mzungumzaji. Uliza pia kama wanahitaji watu wa kujitolea kwenye mapokezi. Katika WordCamp anayejitolea kwa kawaida hasamehewi kazi, ila husamehewa kiingilio.

Fundi_Waya: Naongezea kwa ruhusa ya mwalimu. Ukiwa ukumbini usiingie kwenye dashibodi (ukurasa wa kuendeshea blogu) kwa kutumia intaneti ya wote. Tumia data ya simu yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kabla hujaondoka nyumbani. Pia, kwa wenye hifadhidata nzito: WordPress huhifadhi kila rasimu ya makala bila kikomo. Mstari wa WP_POST_REVISIONS wenye namba 5 ndani ya wp-config.php utaipunguzia nakala yenu uzito unaoongezeka bure.

Jibu: Ahsante, Fundi. Ila wajue kwamba mstari huo haufuti papo hapo rasimu zilizokwisha kurundikana. Kila makala hupunguziwa zake siku inapohaririwa tena.

Mwanagenzi: Je, ujumbe wa kwamba tovuti iko kwenye matengenezo ukiganda baada ya sasisho kukatika?

Jibu: Kuna faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, na jina lake huanza na nukta, kwa hiyo washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa. Lifute. Hata usipolifuta, WordPress hulipuuza baada ya dakika 10, lakini sasisho lenyewe huenda liko nusu, basi lirudie kabla ya jambo lingine.

Kidole_Chepesi: Nimerudi. Nimebadilisha jina la folda, blogu imefunguka, na nimempata mkosaji: ni plagini ya fomu ya mawasiliano. Naifuta sasa hivi.

Jibu: Usiifute! Iache imezimwa. Baadhi ya plagini zikifutwa huondoka na majedwali yake yote, na humo ndimo ulimo ujumbe wa wateja wako. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, tazama uzito wake, kisha utafute toleo la plagini la kabla ya hili.