Shahada ya uuguzi mtandaoni: uliza kabla hujalipa ada
Wauguzi wenzangu wa hospitali za Kitete, Maweni na vituo vya pembezoni, mkitaka kutoka diploma kwenda shahada bila kuacha kazi, kwa kusoma mtandaoni kwenye chuo cha nje, anzeni na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania): waulizeni kwa maandishi kama wataitambua shahada ya chuo hicho. Kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga. Vyuo vingi vya Marekani hudai leseni ya uuguzi ya hukohuko, kwa hiyo someni sifa za kujiunga mpaka mstari wa mwisho. Vipindi vinarekodiwa? Saa 1 jioni ya New York kwetu ni saa 8 au 9 usiku, na huenda uko zamu, wodi ya wazazi imejaa. Mafunzo kwa vitendo nayo, ulizeni kama mtaruhusiwa kuyafanyia hapohapo kituoni.