Somo: Unyevunyevu wa nyumba na afya ya ngozi

Wengi wanapoona ukungu mweusi ukutani na choa mwilini mwa mtoto huamini kwamba kimoja kimezaa kingine, lakini ukungu wa ukutani si fangasi ileile inayoleta choa, ambacho huambukizwa na mtu, mnyama au vitu kama taulo na kitana. Madhara ya unyevu hupitia njia nyingine: huchochea ukurutu kwa wenye mzio, huwastawisha utitiri wa vumbi, na huzifanya nguo na mikunjo ya ngozi isikauke, hali ambayo fangasi huipenda sana.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, ubandike kipande cha nailoni angavu kwa utepe pande zote nne, kisha ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa hewa ya ndani. Yakitokea nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji, ama yanapanda kutoka ardhini ama bomba au paa linavuja. Usiruke hatua hii. Kupaka rangi mpya juu ya ukuta ulioloa ni kutupa fedha, kwani itavimba na kubanduka.

Hatua ya 2: Ukishajua chanzo, kizibe. Kama ni mvuke, fungua madirisha yanayoelekeana, funika sufuria unapopika, anika nguo nje, na usogeze kitanda na kabati mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.

Hatua ya 3: Safisha ukungu kwa maji ya sabuni ukiwa umevaa glavu na barakoa. Usiukwangue ukiwa mkavu, maana mbegu zake hupeperuka chumba kizima. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala amonia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Mwenye pumu au ukurutu asipewe kazi hii.

Hatua ya 4: Shughulikia matandiko. Utitiri wa vumbi hula magamba ya ngozi tunayopukutisha, na kinyesi chake kina protini zinazodhoofisha kinga ya nje ya ngozi na kuamsha mzio. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, yanayoua utitiri huo.

Hatua ya 5: Kausha vizuri katikati ya vidole vya miguu, kinena, makwapa na chini ya matiti. Mwenye ukurutu aoge kwa muda mfupi kwa maji ya vuguvugu, kisha ajipake mafuta yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mtaalamu, mwanangu ana viduara vyenye kingo zilizoinuka. Nampaka krimu ya steroidi, muwasho unapungua, ila viduara vinapanuka. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hiyo ni dalili ya choa, na steroidi hutuliza muwasho huku fangasi ikiendelea kuenea. Acha kumpaka na umpeleke kituo cha afya akapimwe. Akipewa dawa ya fangasi, amalize muda wote alioandikiwa hata ngozi ikionekana imepona.

Swali: Nguo zangu zinanuka uvundo hata baada ya kuzifua. Je, pasi inatosha?

Jibu: Haitoshi ikiwa unazikunja zingali na unyevu. Zifue upya, uzianike juani hadi zikauke kabisa, ndipo uzipige pasi.

Swali: Nyumbani tunawashwa wote, hasa usiku, na tuna vipele katikati ya vidole vya mikono. Ni unyevu?

Jibu: Ndugu, hapo uwezekano mkubwa ni upele, unaosababishwa na utitiri mwingine anayechimba ndani ya ngozi na kuambukizwa kwa kugusana kwa muda mrefu, nyumba iwe kavu au yenye maji. Nendeni mkapimwe. Ikithibitika, wote mnaoishi pamoja mtumie dawa siku moja, hata yule asiyejikuna, na siku hiyohiyo mfue nguo na matandiko kwa maji ya moto.