Jinsi ya kupambanua kwa upendo kabla ya kusambaza ujumbe
Ujumbe wa kumshutumu mtu unapokufikia, nawe ukahisi kidole kinakuwasha kuusambaza, ilaze simu kifudifudi kwanza, uombe, kisha ujiulize ni nani aliyeyasema hayo na ameyathibitishaje. Paulo, katika Wafilipi 1:9-10, aliomba pendo la waumini lizidi katika hekima na ufahamu wote. Kwa hiyo kupambanua si kazi ya moyo mkavu. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko kila siku ingawa aliyewahubiria alikuwa mtume, na sioni kwa nini sisi tusiyapime mahubiri ya mitandaoni vivyo hivyo. Ukithibitisha kwamba ndugu amekosa kweli, mwendee faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umsikilize hadi amalize ndipo ufungue kinywa.